Stering Hafi, Injini Inanoki

Kuna sheria moja ambayo kila mtoto wa mtaa aliijua hata kabla hajajua kusoma vizuri: stering hafi. Anaweza kupigwa risasi, kutupwa kutoka ghorofani, gari likabingirika mara sita, lakini filamu ikiisha utamwona akitembea polepole na moshi nyuma yake. Tulijifunza sheria hii kwenye vibanda vya video, tumebanana kwenye benchi la mbao, DJ Afro akitueleza kwa Kiswahili chake mambo ambayo waigizaji hawakusema kabisa. Sijaona filamu iliyoitumia sheria hiyo vizuri kuliko The Fast and the Furious ya mwaka 2001. Na sijaona iliyowadanganya vijana wa rika langu kwa upole kuliko hiyo hiyo.

Niseme mapema kwamba hii si insha ya haraka haraka haina baraka. Ile tuliandika darasa la saba na mwalimu akatupa alama zetu. Mimi naipenda hii filamu. Nimeitazama mara nyingi kuliko nilivyohudhuria baadhi ya masomo ya uhandisi kabla sijaacha chuo. Ninaandika kuihusu kwa sababu stika za NOS bado ziko kwenye Subaru, kwenye Probox, hata kwenye tangi la nduthi, na wengi wanaozibandika hawajawahi kuuona mtungi wenyewe. Walichoona ni kitufe. Nataka kuzungumza juu ya hicho kitufe, kinafanya nini kwenye hadithi na kinafanya nini kwenye injini, maana katikati ya hayo mawili ndipo watu wanaumia.

Filamu yenyewe ilizaliwa na uandishi wa habari. Mwaka 1998 jarida la Vibe lilichapisha makala ya Ken Li iliyoitwa Racer X, kuhusu vijana wa New York waliokuwa wakishindana usiku kwa magari ya Kijapani. Hollywood ikanunua, mwelekezi Rob Cohen akaihamisha hadi Los Angeles, na ndani yake akaingizwa polisi wa siri, Brian O'Conner, aliyeigizwa na Paul Walker. Brian anataka kuingia kwenye genge la Dominic Toretto, yaani Vin Diesel. Tiketi yake ya kuingia ni Mitsubishi Eclipse ya kijani na mitungi ya nitrasi nyuma.

Kumbuka lile shindano la kwanza. Ni robo maili, mita 402. Gari zuri la mtaani humaliza umbali huo kwa sekunde 13 au 14 hivi, lakini filamu inauvuta kama ugali wa sherehe. Brian anabonyeza. Taa za barabarani zinageuka mistari, dunia inanyooka, na sisi kwenye benchi tunapiga kelele. Anabonyeza tena. Kompyuta aliyoiweka pembeni inamwonya kwamba manifoldi iko hatarini. Anafanya nini? Anaifunga. Kipande cha sakafu ya gari kinadondoka. Kisha Toretto, aliyekuwa akingoja muda wote huo, anabonyeza chake na kumpita.

Ukitazama kwa makini, filamu imetoa somo hapo, na si somo la ufundi. Inasema mwanamume halisi ni yule anayejua kungoja. Brian amemaliza mapema, Toretto amejizuia. Nitrasi imegeuzwa kuwa mtihani wa tabia. Ukishindwa, umeshindwa kwa sababu wewe ni mgeni na huna subira. Swali la kama gari lako limepata petroli ya kutosha kwa gesi uliyoifungulia halina nafasi kwenye mtihani huo. Kile kifaa kimoja kilichokuwa kikisema ukweli ndani ya gari, ile kompyuta, kimefanywa mzaha. Tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Sasa tuangalie gesi yenyewe, kwa sababu ina historia ambayo jarida la fasihi linapaswa kuionea fahari kidogo. Nitrasi oksaidi iligunduliwa na Joseph Priestley mwaka 1772. Karibu na mwaka 1800 kijana mmoja aliyeitwa Humphry Davy, akiwa Bristol, Uingereza, alikuwa akiivuta mwenyewe na kuwapa marafiki zake waivute, wakiwemo washairi Samuel Taylor Coleridge na Robert Southey. Yaani iliwafikia washairi kabla ya madereva. Ikaitwa gesi ya kucheka. Mwaka 1844 daktari wa meno Horace Wells, huko Hartford, Marekani, aliivuta akang'olewa jino lake mwenyewe ili ajue kama inaondoa maumivu. Ilimwondolea, na hadi leo iko hospitalini. Kwenye Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani waliipeleka angani. Mfumo wao ulioitwa GM-1 uliingiza nitrasi kwenye injini za ndege za kivita zikiwa juu sana, mahali ambapo hewa ni nyepesi na injini inakosa pumzi.

Hapo kwenye pumzi ndipo siri ilipo. Watu wengi wanadhani nitrasi ni mafuta makali. Si mafuta. Haiwaki. Ni njia ya kubeba oksijeni. Katika kila gramu 44 za nitrasi, 16 ni oksijeni, yaani kama asilimia 36 kwa uzito, wakati hewa tunayovuta ina kama 23. Ndani ya injini gesi ikipata joto la karibu nyuzi 300 inaanza kuvunjika, inaachia oksijeni na inatoa joto lake yenyewe juu. Na kwa kuwa ilikuwa imebanwa mtungini ikiwa kimiminika, ikitoka inapoza sana hewa inayoingia, na hewa baridi hushikana zaidi. Kwa hiyo unapata pumzi mara mbili. Ila ni pumzi tu. Moto utatoka kwenye petroli, na petroli lazima iongezwe kwa kipimo kinacholingana na oksijeni uliyoongeza.

Isipoongezwa je? Nenda Kamukunji umtazame fundi wa jua kali anayekata chuma kwa gesi. Anawasha mwali, anapasha chuma hadi kiwe chekundu, halafu anabonyeza mkono wa oksijeni. Kuanzia hapo chuma chenyewe kinaanza kuungua na kukatika kama mkate. Sasa fikiria hali inayokaribia hiyo ndani ya silinda, oksijeni nyingi na petroli haba, na pistoni iliyotengenezwa kwa alumini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Moto unakuwa mkali kupita kiasi, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, ringi zinavunjika, juu ya pistoni panatoboka. Inaweza kuchukua sekunde chache. Hakuna moshi wa sinema wala bunduki. Kuna sauti ya kugonga, kisha kimya.

Sisi Wakenya tuna neno zuri kwa jambo hili. Injini imenoki. Asili yake ni ile sauti ya kugonga, ambayo kwa Kiingereza ni onyo tu, dalili kwamba kitu kinaenda vibaya na bado unaweza kuachilia mguu. Kwetu neno lilipofika lilikuwa tayari limekuwa kifo. Gari likinoki, limekwisha. Nadhani lugha yetu ilikuwa na uzoefu. Ilijua kwamba mara nyingi onyo na mazishi vinafika na matwana moja.

Cha kushangaza ni kwamba filamu inaujua ukweli huu. Baada ya shindano, Toretto anamweleza Brian mbele ya umati vile gesi ilivyokaribia kupasua viungo vya njia ya hewa na vile ringi za pistoni zilivyoungua. Ni hotuba sahihi kiasi. Fundi yeyote wa Kirinyaga Road angeitikia kwa kichwa. Lakini sikiliza vile inavyotolewa. Ni matusi, ni kumwaibisha mgeni, umati unacheka na muziki unapanda. Maarifa yamewekwa mdomoni mwa stering ili yamwongezee stering heshima, na mtazamaji anabaki na picha ya Toretto, si ya pistoni. Kwangu hili ndilo kosa kubwa la kisanaa la filamu. Kudanganya kunaeleweka, ni sinema. Yenyewe ilikuwa na ukweli mkononi ikautumia kama mapambo.

Halafu inakuja Eclipse kulipuka. Genge la Johnny Tran linalimiminia gari risasi, nitrasi inashika, na gari lote linakuwa mpira wa moto. Kizazi kizima kiliondoka pale kikiamini mambo mawili kwa pamoja: kwamba nitrasi ni bomu, na kwamba bomu hilo halikupati mpaka adui aje na bunduki. Yote mawili yanakosea, na la pili ndilo baya zaidi. Gesi yenyewe haishiki moto. Mtungi ulioungua kwa muda mrefu unaweza kupasuka kwa presha, na ndiyo maana mitungi halali huwa na kisahani cha usalama kinachotoboka chenyewe presha ikizidi ili gesi itoke badala ya chuma kupasuka. Lakini gesi hii pia inaweza kuvunjika kwa ghafla ikipata joto au uchafu mahali pasipofaa, na haihitaji adui. Tarehe 26 Julai 2007, katika uwanja wa Mojave, California, wahandisi wa kampuni ya Scaled Composites walikuwa wakijaribu mtiririko wa nitrasi kwa ajili ya chombo cha anga. Hawakuwa wamewasha moto wowote. Ikalipuka na watu watatu wakafa. Mwaka 2016 kiwanda cha nitrasi huko Cantonment, Florida, kilipoteza mfanyakazi mmoja kwa mlipuko wakati lori likijazwa, na wachunguzi wakaona kwamba yaelekea joto la pampu ndilo lililoanzisha. Krimu ya makopo, ambayo hupulizwa kwa gesi hiyo hiyo, ikaadimika madukani Marekani msimu ule wa Krismasi. Hao walikuwa watu wenye vipimo, glavu na vyeti.

Nayataja haya kwa sababu ya jirani yangu wa ploti. Ana Impreza aliyoipata kwa mkopo wa sacco, analiosha kila Jumapili kabla ya kanisa. Mwaka jana aliletewa mtungi wa buluu, wa mkono wa pili, na mfuko wa waya na vibomba bila karatasi ya maelezo. Kwa sababu aliwahi kusikia nilisomea mitambo, akanigongea. Aliniambia, bro, wewe umesoma, niangalizie tu hii kitu inafungwa aje. Nilikaa wiki mbili nikisoma miongozo ya watengenezaji. Sitakuja kuwa mhandisi, lakini kusoma bado najua.

Nilichokisoma hakikufanana hata kidogo na kitufe. Kwanza mtungi. Ili mfumo ufanye kazi vizuri presha inatakiwa iwe kati ya paundi 900 na 1,000 kwa inchi mraba. Tairi la Vitz lina kama 32. Mtungi ukiwa baridi presha inashuka, gesi inapungua, petroli inazidi. Mtungi ukiwa moto presha inapanda, gesi inazidi, petroli inapungua, na hapo tunarudi kwa fundi wa Kamukunji. Nyuzi 36 na nukta nne za Selsiasi ndizo mpaka. Juu ya hapo nitrasi haikubali tena kuwa kimiminika, na presha inakimbia. Sasa egesha gari Mombasa mwezi wa Februari, juani, madirisha yamefungwa, kisha uniambie ndani ya buti kuna nyuzi ngapi. Hata Nairobi saa nane mchana si mchezo.

Pili, buti. Kwenye gari la milango mitano buti na abiria wanavuta hewa moja. Mtungi ukivuja polepole, watu wanalegea na kusinzia kabla hawajajua kuna shida, kwa kuwa gesi inachukua nafasi ya hewa. Ndiyo maana miongozo inataka bomba la kutoa gesi nje ya gari iwapo kile kisahani kitatoboka, na vishikizo vya chuma vilivyofungwa kwa bolti hadi kwenye bodi, si kamba ya mpira. Nitrasi ya magari hutiwa salfa dioksaidi kidogo ili anayefikiria kuivuta akohoe na kuacha. Ya hospitali haina. Kuna mtu alikuwa amemwambia jirani yangu kwamba angemtafutia ya hospitali kwa bei nzuri. Nikamweleza kwamba gesi hiyo ikitumiwa ovyo huharibu vitamini B12 mwilini na kudhuru neva, watu wameishia kushindwa kutembea, na kwamba Uingereza iliiweka kwenye orodha ya dawa za kulevya Novemba 2023. Alinyamaza kidogo, akauliza, na kwa injini je?

Kwa injini, nikamwambia, inategemea mambo ambayo filamu haina muda nayo. Lazima kuwe na swichi inayoruhusu gesi tu wakati mguu umekanyaga hadi mwisho. Lazima kuwe na kifaa kinachoizuia injini ikiwa inazunguka polepole, maana ukifungulia hapo mchanganyiko unajikusanya na mlipuko unarudi kwenye manifoldi. Lazima kuwe na kingine kinachoikata gesi mara moja presha ya petroli ikishuka. Cheche zicheleweshwe, plagi zibadilishwe ziwe za baridi zaidi, pampu ya petroli iwe na nguvu ya ziada. Na haya yote yafungwe kwenye injini ambayo ni nzima. Gari letu la kawaida limetoka Japani likiwa na miaka saba, limekunywa oili za kila aina, limefunguliwa na mafundi watatu tofauti. Ringi zake zina historia yake, na hiyo historia hakuna anayeijua.

Nitakuwa mkweli kwa upande wa pili pia, kwa sababu uhakiki unaotisha tu hauna faida. Mfumo uliofungwa vizuri, kwa kipimo kidogo, kwenye injini inayofaa, kwenye uwanja wa mashindano wenye gari la zimamoto pembeni, umetumiwa na watu kwa miongo mingi. Kampuni iliyolipa jina NOS umaarufu ilianza mwaka 1978. Kuna wanaosema nitrasi ni nafuu kwa injini kuliko tabo, kwa kuwa muda mwingi imezimwa. Hoja hiyo ina uzito. Na hamu ya vijana wa Nairobi si ujinga. Tunaishi karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kila injini isiyo na tabo hapa inapata karibu asilimia 80 hadi 85 tu ya hewa ambayo ingeipata Mombasa. Magari yetu yanahema. Wale marubani wa Kijerumani wangeelewa kabisa kwa nini kijana wa Umoja anauota ule mtungi.

Lakini fikiria kwamba kila kitu kimefungwa sawasawa. Injini haijanoki, mtungi umetulia, kipimo kiko sawa. Sasa uko Thika Road na farasi hamsini zaidi ya ulivyotoka nazo kiwandani. Breki ni zile zile. Tairi ni zile zile, pengine za mtumba. Kwenye kilomita 100 kwa saa unakula mita 28 kila sekunde. Kwenye 140, mita 39. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama tangu ukanyage breki unakuwa kama mara nne, na hili halijali kama wewe ni stering. Ndani ya mji sheria yetu ni 50. Nchi hii imekuwa ikizika zaidi ya watu 4,000 wa ajali za barabarani kwa mwaka, na kundi kubwa zaidi ni watu wanaotembea kwa miguu. Mimi ni mmoja wao. Sina gari. Hii filamu naitazama nikiwa upande wa barabara, nimeshika mfuko wa sukuma, nikihesabu kama nitavuka.

Na ukiitazama kutoka upande huo utamwona mtu ambaye pengine hukuwahi kumtazama. Katika shindano la kwanza, genge limefunga barabara, linasikiliza redio ya polisi. Kuna mtu mmoja anayezuiwa. Ni dereva anayepeleka piza. Ana kazi, ana mteja anayengoja, ana chakula kinachopoa. Analalamika kidogo, tunacheka, kamera inaondoka. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Rob Cohen mwenyewe, mwelekezi. Katika barabara nzima ya mashindano, raia pekee tunayemsikia ni mfanyakazi wa kupeleka chakula, na amewekwa pale ili tumcheke kwa kuchelewa.

Huku kwetu huyo ni mtu wa nduthi mwenye sanduku mgongoni saa nne usiku. Na huku kwetu hakuna aliyemfungia barabara ili asubiri salama. Huo ndio uongo mkubwa kuliko ule wa mlipuko: barabara tupu. Filamu ililazimika kuwaondoa watu ili kitufe kiwe kitamu. Ukimrudisha mtu mmoja tu katikati ya zile mita 402, mama mwenye mtoto, mlevi anayerudi nyumbani, lile tukio linageuka kuwa filamu nyingine kabisa.

Michezo ya kompyuta ilichukua wazo hilo ikaliboresha kwa ubaya. Kwenye Burnout, ambayo nayo ilitoka 2001, unajaza nguvu zako kwa kuendesha upande usio wako na kuponea chupuchupu kugonga magari ya watu. Kwenye Need for Speed: Underground 2 ya 2004, nitrasi inarudi yenyewe ukiendesha kwa madoido. Hakuna mtungi wa kupima, hakuna petroli ya kusawazisha. Hesabu imegeuzwa juu chini. Kumkosakosa raia ni mapato. Tuliicheza saibani kwa shilingi moja dakika moja, na vidole vyetu vilijifunza kabla ya akili.

Nisiwe mtu wa kulaumu mchezo kwa kila ajali. Mtu mzima ana mguu wake. Ila sanaa inaweka vitu vichwani kwa mpangilio fulani, na mpangilio huu unasema: hatari iko kwa adui, wokovu uko kwenye kitufe, na barabara haina mwenyewe.

Tarehe 30 Novemba 2013, Paul Walker alifariki huko Santa Clarita, California. Hakuwa anaendesha. Alikuwa abiria kwenye Porsche Carrera GT. Hakukuwa na nitrasi wala shindano. Wachunguzi walisema ni mwendo, kati ya kilomita 130 na 150 kwa saa mahali pa 72, na tairi za gari zilikuwa na umri wa miaka tisa. Naikumbuka siku ile kwa vile WhatsApp za watu zilivyojaa picha yake. Wengi walikataa kuamini. Si ni stering? Furious 7 ya mwaka 2015 ilimuaga kwa heshima, na sioni haya kusema ule mwisho ulinitoa machozi. Lakini ulimuaga vipi? Barabara mbili zinagawanyika, gari lake linaelekea kwenye jua. Tairi hazikutajwa. Miaka sita baadaye, kwenye F9, gari aina ya Pontiac Fiero lilipelekwa angani. Kifo cha kweli kilikuwa kimekaa katikati ya mfululizo huu wa filamu, na bado sheria ya kibanda cha video ikashinda.

Ndiyo maana kama ningeambiwa nichague tukio moja la kumwonyesha kijana, ningeruka kitufe na mpira wa moto. Ningechagua lile la karibu na mwisho wa filamu ya kwanza. Brian kwenye Supra ya rangi ya machungwa, Toretto kwenye Charger ya 1970 ya marehemu babake. Wanashindana kuelekea reli, treni inakuja, wanaivuka kwa upana wa unywele. Wamemshinda treni! Kibanda kizima kiko juu ya benchi. Kisha lori linatokea barabara ya pembeni na Charger inapaa, inabingirika.

Lori hilo halikuwa adui. Halikuwa kwenye shindano. Lilikuwa limebeba mzigo wake kwenda linakokwenda, na dereva wake hana jina. Nadhani ni hapo tu, katika saa moja na dakika arobaini na kitu, ambapo barabara ina mwenyewe. Toretto anatoka akiwa hai, bila shaka, sheria ni sheria. Lakini Rob Cohen, yule yule mtu wa piza, alituonyesha kwa sekunde mbili kitakachokusimamisha.

Mtungi wa jirani yangu bado uko juu ya kabati la televisheni, mtupu, umepanguswa vumbi. Anasema ni wa urembo. Wiki iliyopita aliniuliza tena ile presha ilikuwa paundi ngapi, nikamwambia. Akaandika kwenye simu.